Kidonda cha Sikio la Kulia na Habari za Mashariki mwa Kongo

Kutoka kwa Fundi Nasiri,
kibanda cha cherehani, nyuma ya soko,
Kamembe, Cyangugu.

Kwa Mkurugenzi wa Matangazo ya Kiswahili,
huko huko ng'ambo mnakotangazia.

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na masikio yako yote mawili. Mimi nami ni mzima, ukiondoa moja.

Kwanza nijitambulishe, maana wewe umeingia nyumbani kwangu kila siku kwa miaka na mimi sijawahi kuingia kwako. Mimi ni fundi wa kushona nguo. Nina mke mmoja, cherehani moja na redio moja, na kati ya hao watatu ni cherehani peke yake inayonisikiliza. Sina ugomvi na serikali yoyote, na kama ningekuwa nao nisingeuweka kwenye barua. Nimekuwa msikilizaji wenu tangu vita vya kwanza vya hapo Kongo, ng'ambo ya daraja la mpakani. Sasa tuko katika vita vya pili, ambavyo kwa kweli mnavitangaza vizuri kuliko vya kwanza, na kwa hilo nawapongeza.

Ila mmenitia kidonda sikioni. Nakuandikia kudai haki ya sikio hilo, na nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba ili usije ukasema hukuelewa.

Kabla ya namba, jambo moja la kukufungulia njia. Ninaye mdogo wangu wa kike, tumbo moja baba mmoja, anaitwa Zulaikha. Aliolewa Bukavu, mumewe akafariki, naye akabaki huko huko akiuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kadutu. Daraja likiwa wazi, mtu huondoka kwangu baada ya chai akafika mlangoni kwake kabla ya adhuhuri. Lakini safari hii daraja limefungwa tangu kabla ya Ramadhani, na sasa Idi imepita. Ukisimama hapa juu Kamembe unayaona mabati ya Bukavu yaking'aa upande wa pili wa maji. Bati halisemi nani yuko chini yake. Waliokuwa wakituletea habari ni akina mama wa soko, nao sasa wamekaa huko huko au huku huku, kila mmoja alipokutwa na kizuizi. Mmebaki nyinyi tu.

1. Kuhusu sauti yenu.

Mnatangaza kwa sauti ndogo. Najua utaniambia ni redio yangu, na hata fundi redio Karangwa, jirani yangu wa kibanda, aliifungua akaifunga akaniambia, "Papa Nasiri, hii redio haiko na ugonjwa, iko na njaa." Alimaanisha betri. Betri nazianika juani juu ya bati mchana kutwa, nikishazishusha naziuma kwa meno kidogo kuziamsha, kama wafanyavyo watu wote wenye akili hapa mjini. Zinaamka, lakini zinaamka kama mgonjwa anayeombwa ale. Isitoshe, nyakati hizi si vizuri kila jirani ajue unasikiliza nini na umetingisha kichwa mahali gani. Kwa hiyo redio inabidi ilazwe kwenye mto na sikio lilazwe juu ya redio, alfajiri baada ya sala na jioni baada ya chakula, ubavu wa kulia.

Kwa nini wa kulia? Ndugu Mkurugenzi, sisi tumefundishwa kulala kwa ubavu wa kulia, kula kwa mkono wa kulia na kuingia msikitini kwa mguu wa kulia. Nikaona habari za ndugu wa damu nazo haziwezi kupokelewa kwa sikio la kushoto, ambalo mimi nimelitenga kwa wateja wanaodai nguo kabla kitambaa hakijakatwa. Mngekuwa na sauti ya kutosha ningeiweka redio dirishani na yote haya yasingetokea.

2. Kuhusu wimbi lenu.

Wimbi lenu lina tabia ya kuondoka pale pale mnapofika penye jambo. Mnasema, "Mapigano makali yameripotiwa jana katika kitongoji cha," halafu inakuja filimbi ndefu, halafu upepo, halafu mtu ananiambia bei ya kahawa huko London. Mimi sinywi kahawa wala sina shamba. Kila jina la mahali linapomezwa namna hiyo, nami hukandamiza sikio zaidi, nikidhani labda jina limebakia ndani ya redio. Ikirezi mke wangu ameniona nikiikandamiza hadi ukingo wa redio ukaandikika shavuni. Kila jina mlilolimeza limekula kipande cha ngozi yangu, na ningependa mnieleze mmeyapeleka wapi majina hayo.

3. Kuhusu hayo maneno, "mashariki mwa Kongo".

Nimemuuliza mwalimu mmoja anayefahamu ramani. Ameniambia mashariki mwa Kongo unaweza kuiweka nchi yetu humo mara nyingi na bado pakabaki pa kuegesha mabasi. Sasa mkisema hali ni mbaya mashariki mwa Kongo, mimi nafanyaje? Nisilale? Mkisema hali imetulia mashariki mwa Kongo, nichinje kuku? Zulaikha hakai mashariki mwa Kongo. Zulaikha anakaa Kadutu, nyuma ya soko, mlango wa bati uliopakwa kijani nusu kwa sababu rangi iliisha. Mngesema tu, "Kadutu nyuma ya soko leo wamepika," ningezima redio siku hiyo na sikio lingepumzika. Hamkusema.

4. Hili nimelifuta. Mke wangu amelisoma.

5. Kuhusu hasara na fedheha niliyoipata katika matibabu.

Kidonda kilianza kidogo kama punje ya mchele, kwenye ukingo wa juu wa sikio. Kikawa chekundu, kikauma nikikilalia, kikajifunga gamba. Gamba likadondoka kwenye suruali ya mteja, kikajifunga jingine. Hapo ndipo nilipogundua kwamba katika mji wa Kamembe hakuna mtu asiye daktari.

Karangwa alipaka dawa ya meno, akasema inavuta moto. Kinyozi wa jirani alipaka spiriti, nikayaona mabati ya Bukavu bila kutoka ndani ya kibanda chake. Mama mkwe wangu Nyirabagenzi alishuka kutoka Butare, huko kwenye mashamba, na fungu la umuravumba, jani ambalo kwao linatibu kila kitu isipokuwa ukwe. Alilitwanga, akanifunga nalo kichwani kwa kitambaa, na wateja wakadhani nimepigwa. Kisha nikanunua sokoni vile vidonge vya rangi mbili, nyekundu na njano, ambavyo kwetu hupasuliwa na unga wake kumwagwa juu ya jeraha lolote, kuanzia la msumari hadi la talaka. Gamba likawa la njano. Mwisho mtu mmoja akanipaka ile dawa ya urujuani ya watoto wenye vidonda vya mdomo, na kwa wiki nzima nikawa na sikio la rangi ambayo sijawahi kuishona kwenye vazi la mtu mzima.

Watu wakaanza kunong'ona ukoma. Mteja mmoja alichukua suruali yake ikiwa na mguu mmoja. Msikitini, ambako tumefundishwa kusimama bega kwa bega bila kumwachia shetani nafasi, mtu wa kulia kwangu alimwachia shetani nafasi ya kutosha yeye na mizigo yake. Sikumlaumu. Alikuwa na masikio mazuri na alitaka yabaki hivyo.

Haya yote nayaweka juu ya kichwa chenu.

6. Kuhusu muuguzi Vénantie, ambaye nyinyi ndio mmenipeleka kwake.

Ikirezi alichoka akanishika mkono mpaka kituo cha afya. Muuguzi Vénantie ni mama mfupi asiyecheka na asiyekubali mgonjwa ajiandikie dawa. Aliosha sikio lote, rangi zote, hadi likabaki langu. Akauliza kama nimeumwa na mdudu. Hapana. Kama navaa hereni, maana kuna watu ngozi zao hazipatani na hereni za bei ndogo na masikio yao hutoka maji. Nikamwambia mimi ni mwanamume wa makamo. Akauliza kama nafanya kazi juani siku zote, kama sikio lilipata baridi kali, kama nakwangua gamba kwa kucha. Kwa hilo la kucha, Ikirezi aliwahi kujibu kwa niaba yangu kwa moyo wote.

Kisha akauliza swali ambalo hakuna daktari mwingine wa Kamembe aliyeniuliza. "Papa, unalala ku ubavu gani?"

Nikamweleza ubavu, redio, Kadutu, na bei ya kahawa. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapa hakuna mududu wala ukoma. Ni weye mwenyewe. Sikio haiko na nyama, ni ngozi na ule mufupa laini tu. Ukiilalia kila siku, damu inakatala kupita, ngozi inakufa. Dawa gani itaponya mahali unapakanyaga kila siku?"

Hakuishia hapo. Aliniambia kidonda cha sikio kisichopona si cha kufanyia mchezo, kwa sababu kuna vingine vinavyofanana na hiki na ni kansa ya ngozi, na mtu hawezi kuvitofautisha kwa macho wala kwa umuravumba. Niache kukilalia, nikisafishe kwa maji safi na sabuni, nipake vaselini, nisiguse gamba, nisimwage unga wa kidonge chochote. Nirudi kwake mwezi ukiisha. Nikirudi nacho, atanituma hospitali kubwa wakate kipande kidogo wakitazame kwenye hadubini. Nilitoka pale nimelishika sikio njia nzima hadi nyumbani.

Na dawa aliyoniandikia, Ndugu Mkurugenzi, ni mto wenye tundu. "Shona muto, uache tundu katikati, sikio iingie pale ipumue." Basi. Mimi fundi wa miaka yote hii, nimeshona kanzu za maharusi na gauni za ubatizo, naambiwa nishone tundu. Nilishona. Nilikata kitambaa kilichobaki cha shuka, nikakishindilia vipande vya nguo, nikakizungusha kikawa duara nene lenye shimo. Ikirezi alipokiona kitandani alikaa chini akacheka mpaka akashika ubavu. Kilikuwa ngata tupu, ile kata ya nguo ambayo wanawake huweka kichwani kabla ya kujitwika beseni. Akaniuliza, "Baba, sasa unataka kujitwika kitanda?"

Tangu siku hiyo nalala juu ya ngata, na redio nimeitundika kwenye msumari mbali na mimi, inanong'ona na ukuta.

7. Sasa nafika kwenye lalamiko lenyewe, na hapa naomba usome polepole.

Kidonda kimepona.

Najua utasema hilo si lalamiko. Subiri. Marehemu mama yetu alikuwa na neno lake, na katika nyumba yetu neno hilo lilikuwa na nguvu kuliko barua ya posta. Alisema sikio la kulia likikuwasha bila sababu, mtu wa damu yako anakutaja. Tulipokuwa wadogo, Zulaikha akichelewa kurudi kutoka kuteka maji, mama alikuwa anasimama kwenye kizingiti akisubiri sikio limwashe. Likimwasha alirudi jikoni.

Kile kidonda kilikuwa kinawasha. Kilikuwa kinauma usiku, lakini asubuhi gamba linapokauka kilikuwa kinawasha kuwasha kwa haki, na mimi nikiwa nimeinama kwenye cherehani nilikuwa najua: Zulaikha ameamka, amewasha moto, amenitaja. Jioni kinawasha tena: amerudi nyumbani, mlango umefungwa, amenitaja. Nyinyi mlikuwa mnasema mashariki mwa Kongo na sikio langu lilikuwa linasema Kadutu. Ndiyo maana nilikuwa nalikwangua kwa kucha, Ikirezi hajui sababu hii na sasa ataisoma. Nilikuwa nabisha hodi.

Nilipomfuata Vénantie na kuacha kulilalia, maumivu yalikwisha. Gamba likadondoka, halikurudi. Ngozi ikafunga. Na kuwasha kukakoma.

Ni wiki ya pili sasa sikio limenyamaza. Natikisa kichwa, nalivuta, nalipuliza kwa mrija wa kalamu. Kimya. Juzi mliripoti mapigano katika kitongoji cha, halafu filimbi, na mimi nilikuwa kitandani na sikio langu zima kabisa ndani ya tundu, likipumua, na halikuniambia lolote. Nililia. Naandika barua hii kwa upole kama nilivyofundishwa, lakini usidanganyike na upole huo. Naogopa. Naogopa kuliko nilivyoogopa kansa ya Vénantie, maana ile ingekuwa yangu peke yangu.

Kwa sababu zote hizo, Ndugu Mkurugenzi, naomba yafuatayo, na kwa kuwa mimi si mtu mgumu, lolote mtakaloweza nitalipokea.

Kwanza, mwisho wa taarifa ya habari, baada ya mpira wa miguu, mtangazaji aseme tu, "Zulaikha wa Kadutu, mlango wa kijani nusu, yupo." Haichukui muda. Bei ya kahawa ni ndefu kuliko hiyo.

Pili, kama mtasema hamwezi kutangaza bila kuhakikisha, basi mtumeni mwandishi wenu aende akabishe hodi. Mnaye mwandishi huko, nimemsikia, yule mwenye mafua. Avuke soko la Kadutu, apite penye wauza mafuta ya mawese, aulize kwa Maman Zulaikha wa sambaza. Asimwambie kuhusu sikio.

Tatu, kama mtasema mwandishi hawezi kufika kwa sababu ya vita, basi mviondoe hivyo vita. Usishangae. Hao makamanda wa pande zote mnaongea nao kila siku, tena kwa simu, wakiwa porini, na wanawajibu kwa heshima. Mimi hapa mjini sijawahi kujibiwa namna hiyo na mtu yeyote mwenye ofisi. Siku moja, badala ya kuwauliza nani ameteka nini, waulizeni lini watamaliza, kwa kuwa kuna fundi Kamembe anasumbuka. Wakitaka mahali pa kukutania, kibanda changu kina viti viwili na bao la kukatia nguo, na wanaweza kulitumia siku za Ijumaa mchana nikiwa msikitini, mradi wasiguse mkasi.

Nne, kama hamwezi kumtangaza, wala kumtafuta, wala kuondoa vita, basi sina la ziada ila hili. Nirudishieni kidonda changu. Nakitaka kama kilivyokuwa, ukingo wa juu, na gamba lake, kikiwasha asubuhi na jioni. Sitakidai kiwe kikubwa. Nitavumilia ukoma wa majirani na suruali ya mguu mmoja, na Vénantie nitamkwepa kwa kupita njia ya juu.

Nikifunga barua, nawasalimu watangazaji wote, hasa yule bibi anayesoma hali ya hewa ya miji ambayo hakuna hata mmoja tuliowahi kuulizia. Msalimie mpiga ule wimbo wa kuanzia, umwambie Ikirezi hukata mboga kwa kuufuata. Wasalimie mwenye mafua, mfagizi wenu, bawabu wenu, na yeyote aliyeko huko aliyewahi kulalia redio kwa ajili ya mtu. Salamu kwa mkeo na wanao na masikio yao.

Wako katika usikivu, kwa upande uliobaki,

Fundi Nasiri

Nyongeza: Ndugu Mkurugenzi, barua hii ilikuwa bado mezani ikisubiri stempu wakati daraja lilipofunguliwa bila kutangazwa na mtu yeyote, nyinyi mkiwemo. Adhuhuri ya juzi nilikuwa naingiza uzi kwenye sindano, mlango ukazibika, nikainua macho. Alikuwa amesimama pale na beseni la sambaza kichwani, amekonda, kitambaa cha kichwa kimefungwa chini hadi kwenye taya, ananitazama kama mteja aliyecheleweshewa nguo. Sindano imepotea mpaka leo.

Nilipoacha kulia nilimweleza yote. Nikamuuliza alikuwa ananitaja saa ngapi hasa, ili nilinganishe na kidonda. Akaniambia, kwa lile jina ambalo huko humwita kaka mkubwa, "Yaya, nikutaje saa ngapi? Asubui niko natafuta unga, mangaribi niko natafuta mayi. Ile siku haikuwa na nafasi yako." Hakunitaja hata mara moja, Ndugu Mkurugenzi. Vita vizima. Alisema hivyo mbele ya mke wangu, akaomba chumvi.

Nilitaka kuichana barua nibaki na aibu yangu. Lakini alipoinama kunawa kile kitambaa kikalegea, nikaona. Ukingo wa juu wa sikio, upande wa kulia. Punje nyekundu, na gamba juu yake. Alivuta kitambaa haraka akasema, "Ni hereni tu." Mimi ndiye niliyezika naye hereni zake chini ya jiko la Kadutu vita vilipoanza, na bado ziko huko. Ikirezi akamuuliza kama kule kwake bado ana redio. Akasema anayo, ndogo, betri zimechoka, na kwamba nyinyi watu mnamkera sana, kila siku mnasema eneo la Maziwa Makuu na hata siku moja hamjasema Kamembe.

Nilimpeleka kwa Vénantie, aliyetazama sikio, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Leo asubuhi amerudi Kadutu, kwa sababu nyumba ikiachwa peke yake huko hata mlango huhama. Nilimsindikiza hadi darajani, Rusizi ya kwanza, kwenye kizuizi. Askari alimuuliza ni nini kile kinene alichoweka chini ya beseni. Akajibu ni ngata, akapita. Ndio mto wangu, Ndugu Mkurugenzi, na nilimwapisha kwamba atalala juu yake kila siku, sikio ndani ya tundu. Mchana daraja limefungwa tena.

Kwa hiyo malalamiko yote ya hapo juu, kuanzia la kwanza hadi la saba, pamoja na lile nililolifuta, nayaondoa. Msibadilishe kitu. Semeni mashariki mwa Kongo, semeni Maziwa Makuu, mezeni majina mnavyotaka, someni na kahawa. Ila msikosekane hewani hata siku moja, tafadhali, maana tuko wawili. Betri nimezianika tangu asubuhi, na jioni hii nitawasikiliza kwa sikio la kushoto.